Bidon Yenye Mfuniko Mzuri

Chwii, chwii, chwii. Mpaka leo nasikia ile pompe ya mgongoni ikinyunyizia kabichi kule mashambani Kibumba, na mwenye pompe akiimba kwa sauti ya kuishinda. Wasomaji wangu, mama huyo ametutoka. Ndiye aliyeniuzia kabichi hapa Mabanga, na kila mara aliniongezea moja ya bure: “Mutoto anayeota ndoto mchana lazima ale sana.” Dawa ya wadudu aliichanganya kwa mkono mtupu, mpaka kiwikoni, kama anayekoroga uji. Nikamwambia, “Mama, tumia kijiti!” Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. “Kijiti hakijui kama dawa imekolea. Mkono ndio unajua. We wa mjini, unaogopa mpaka kabichi?” Dawa ikiisha, bidon, yaani lile dumu la dawa, aliisuuza, akachotea maji ya kunywa. Majirani nao hufanya vilevile, kwa kuwa ina mfuniko mzuri.

Mimi sikusoma mbali, ila muuguzi wa mtaa wetu alinieleza nikaelewa. Seli za mwili huongea, zinaambiana: kua, pumzika, jitengeneze. Sumu nyingine huingilia mazungumzo hayo. Huiga sauti ya mwili wenyewe, au huziba masikio ya seli. Jeni tulizorithi zinaweza kubaki vilevile, lakini iliyopaswa kunyamaza inaamka, na yenye kazi inalala. “Dawa ile ndiyo iliyomuua mama?” nikauliza. “Siwezi kuapa,” akasema. Sawa, na mimi siapi. Lakini nakataa kuambiwa kwamba siku yake ilifika tu, halafu tuendelee kunywa.

Maana kwenye matanga nilimwona binti yake, mwenye mimba kubwa, akimiminiwa maji kutoka bidon ileile. Nikauliza kama hakuna nyingine. Papa mmoja, mzee wa pale, akanijibu, “Petite, wewe mtoto, mama amekunywa humu miaka yote.”

“Na leo mama yuko wapi, papa?”

Binti akaitazama glasi, akaimwaga chini.

Tusingoje mtu aape ndipo tujilinde. Kijiti kipo. Kabichi yenye matundu ya wadudu inalika. Na anayetuuzia dawa atuambie inafanya nini mwilini. Tutamuuliza sokoni, mbele ya watu, mpaka ajibu.

Siku ile ya matanga, watu walipoingia ndani kusali, nilizunguka nyuma ya jiko. Nikaokota msumari na jiwe la volkano, nikaitoboa bidon ile chini, tundu baada ya tundu. Kisha nikaweka yangu, isiyowahi kutiwa dawa, mahali pake, imejaa maji.