Ndevu za Lori la Babu

Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa kuamini kwamba kinachong'arisha sarafu kitang'arisha lori. Nililipaka zebaki lori la marehemu babu, asubuhi ya harusi ya dada. Nakiri mapema, usije ukamlaumu mtu mwingine. Nyumbani kwetu wajinga walikuwa wengi, lakini siku hiyo niliwapita wote.

Likizo hii nimerudi Isaka kutoka shule ya bweni, nikakuta pale uani lilipokaa lori pamejengwa banda la kuku. Kuku wa kisasa, wazembe, hata kuwika hawajui. Nikasimama nikitafuta harufu ya majivu, ndimu na mafuta ya taa, nikapata ya kinyesi.

Harufu ile ndiyo ilikuwa Jumamosi yetu. Lori lilikuwa la pua ndefu, babu alibebea pamba, na baba alilirithi pamoja na kiburi chake. Liliwaka kwa kubembelezwa na kuzima lilipojisikia. Malori ya mizigo ya Rwanda yalipita barabarani marefu kama treni, na baba aliyatazama kama mtu anayetazama masufuria. Kisha alitugawia matambara, majivu na ndimu tusugue mikanda ya alminiamu iliyozunguka shoo ya mbele na boneti, mpaka vidole vikawa vyeusi tii. Mama alileta michembe ya viazi vitamu na karanga, akaweka kwenye ngazi ya lori, akaondoka bila kulitupia jicho. Baba alisema babu alijulikana mpaka Shinyanga kwa uso wa gari lake. Mimi niliona uso wa kizee kilichopaka poda.

Nilikuwa darasa la sita dada alipochumbiwa na kijana wa Masumbwe. Baba akatangaza mbele ya wakwe kwamba bibi harusi atapelekwa kanisani na lori la babu, na dereva ni yeye mwenyewe. Mjomba wa bwana harusi, mnunuzi wa dhahabu mwenye gari jeupe ambalo hata vumbi liliogopa kulikalia, alicheka mpaka soda ikampalia. Nikamdharau palepale. Nikaapa kwamba lori letu litamtia upofu.

Jirani yetu alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Zebaki yake ilikaa kwenye kichupa cha dawa ya macho, na nilishamwona akiisugua kwenye sarafu ya shaba ikawa kama kioo. Nikamwomba kidogo, nikamdanganya kuwa ni ya somo la sayansi. Asubuhi ya harusi, baba akihangaika na tai ndani, nikakwangua mikanda kwa msasa, nikasugua zebaki kwa kidole. Iling'aa, rafiki yangu. Niliyaona meno yangu humo. Nikaenda kuoga nikijisifu.

Nilipotoka, lori lilikuwa limeota ndevu. Nyuzi nyeupe, laini, zilichomoza zenyewe kwenye mikanda, zikirefuka huku naziangalia. Nikagusa. Palikuwa na joto, pakapukutika kama majivu ya sigara. Zebaki haing'arishi alminiamu, inaila. Hilo mwalimu wa kemia alikuja kunifundisha kidato cha tatu, kachelewa kama kawaida yake.

Wakwe walikuwa wameshafika.

"Mzee, hili gari linaumwa?" mjomba akauliza.

Baba alipitisha leso yake mara moja tu, na kipande cha mkanda kikamwangukia kiatuni. Unga mweupe ukapeperuka kuelekea kwa dada. Dada alilitazama lori, akalitazama gauni, akakusanya pindo.

"Nisamehe, baba," alisema, akapanda gari jeupe.

"Na wewe panda huko nyuma, mzee, nafasi ipo," mjomba akamwambia baba. Baba akapanda, funguo za lori bado ziko mkononi.

Hakulishika tena. Liliondoka na watu wa chuma chakavu, limefungwa minyororo kama mwizi. Nililidharau nikiwa mtoto na bado nalidharau, ila hao kuku nawadharau zaidi. Jumamosi siku hizi baba anatazama mpira wa nchi za watu. Vidole vyake ni visafi muda wote, na sipendi kuviona.

Gari jeupe lilipotoka getini siku ile, watu walikuwa wanacheka, nami nilishaandaa mzaha wangu mtamu. Mama akanishika bega.

"Baba yako hajawahi kukaa siti ya nyuma," alisema. "Usicheke."