Nilipanga icon za desktop ya kanisa, nikapoteza mitaa mitatu ya watu

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa Dzaleka, Malawi. Sijatia chumvi. Mtu anayetunga angejipa nafasi nzuri kuliko hii niliyo nayo mimi humu ndani.

Kwa wasiopajua, Dzaleka ni makazi ya wakimbizi, nje kidogo ya Lilongwe. Mimi ni Mkongo wa Bukavu. Nina kibanda cha kompyuta: naweka Windows, natoa virusi, nachapa barua za watu. Maisha yanasogea.

Nina ugonjwa mmoja tu. Desktop chafu inanikera. Nikiona icon zimetawanyika kama mahindi yaliyoanikwa, mkono unaniwasha. Mteja hajaniomba, lakini nitazipanga.

Ijumaa moja asubuhi mchungaji wetu akaniletea laptop ya kanisa, imekuwa nzito. Anayeitumia ni Mama Chantal, katibu wa kanisa, naye wa Bukavu kama mimi. Nilijua kwamba huwa anascan vyeti vya waumini ili nakala zibaki, maana mchwa wa huku hawana dini, wanakula karatasi yoyote. Sikuwahi kujua anazihifadhi vipi.

Nikaiwasha. Wakuu!

Folder themanini na sita juu ya desktop. Zote zinaitwa New folder. New folder (2), New folder (3), mpaka mwisho. Mbili zimegusana huku, moja imejitenga kule, kumi zimepinda kama barabara ya mlimani. Wallpaper ni picha ya karatasi iliyochorwa kwa kalamu ya bic, mistari na viboksi. Nikajua watoto wa Sunday school wameichezea.

Right click, View, Auto arrange icons. Kisha Sort by, Name. Wallpaper nikaitoa, nikaweka rangi ya bluu.

Nikafuta na takataka nyingine, mashine ikawa nyepesi. Nikaegemea kiti nikaiangalia. Mistari imenyooka! Nikajipongeza, peke yangu, bila aibu.

Saa saba kasoro Mama Chantal akaingia anahema. Nyuma yake yuko Baba Riziki, Mrundi mpole anayeuza nyanya, nyumba yake inatazamana na yangu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Riziki, binti yake, alikuwa Lilongwe muda ule. Amepata nafasi ya kusoma uuguzi katika chuo kimoja huko. Amefika, wanataka cheti chake cha form four, hata copy. Cheti halisi kililiwa na mchwa mwaka uliopita. Alijua jina lake lipo kwenye list ya waliochaguliwa, akadhani inatosha. Ofisi inafungwa saa tisa, na asipokionyesha leo, nafasi anapewa anayefuata.

Hapo nikamsogezea Mama Chantal laptop kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi.

Aliangalia. Akasogeza uso karibu na kioo. Akaangalia tena.

"Bantu bangu iko wapi?"

"Zote zipo, Mama. Nimezipanga tu vizuri."

"Nani alikutuma upange?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Ndipo nikaelewa ile michoro. Ilikuwa ramani. Ameichora yeye mwenyewe: kanisa, bomba la maji, barabara, na nyumba zote za mitaa mitatu inayolizunguka kanisa. Kila folder aliiweka juu ya nyumba ya wenyewe. Akitaka makaratasi ya mtu, anakwenda nyumbani kwake, pale pale kwenye kioo.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kugawana naye kosa, mbona hakuandika majina.

"Jina gani?" akasema. "Mi namujua Mama Neema. Njo jina yake. Ku carte ya hapa camp iko ingine, ku diplôme iko ingine tena. Sasa we uniambie, niandike gani?"

Ni kweli. Hata mimi hapa mtaani naitwa Ya Informatique, yaani kaka wa kompyuta. Ukimtaja mtu wa kwenye kitambulisho changu, majirani watakuelekeza nyumba nyingine.

Nikabonyeza Ctrl na Z. Wapi! Windows hairudishi mpangilio wa icon kwa hiyo. Picha ya ramani niliikuta kwenye Pictures nikairudisha, lakini ilikuwa nyumba tupu, na wenye nyumba wote wamesimama foleni upande wa kushoto.

Nikaanza kufungua moja moja. Ndani kuna scan0001, scan0002, picha nyingine zimelala, nyingine giza tupu. Folder moja ina makaratasi hamsini. Search haisomi picha. Nikamaliza folder nane kwa nusu saa, na mashine yenyewe ni mzee.

Baba Riziki alisimama mlangoni ameshika simu. "Mutoto iko amesimama ku mulango ya ofisi," akasema. Yule baba hakunilaumu hata kidogo. Niliona aibu, nikaendelea kufungua folder bila kumtazama.

Mama Chantal akaniambia niache.

"Hizi ma-numéro, inafwata nini?"

Nikamwambia zinafuata kutengenezwa. Ya kwanza kutengenezwa haina namba, inayofuata ni mbili, halafu tatu.

Akavuta kiti. "Basi ngoja. Siku ya kuscan nilibaita kwa mustari. Nilianza ku bomba."

Akaweka kidole kwenye ramani, pale bombani, akaanza kutembea. Kwa Mama Neema, moja. Kwa mwalimu, mbili. Kwa Baba Josué, tatu. "Hawa hawakukuya ile siku, balikuya nyuma." Akawaruka hao waliokuja baadaye. Akapita mtaa wa kwanza, akakata kona kanisani, akaingia wa pili. Mimi nahesabu kwa kalamu ukutani, hata karatasi sikukumbuka.

Alipofika kiboksi cha Baba Riziki nilikuwa na hamsini na tatu.

Nikafungua hamsini na tatu. Cheti cha ndoa, picha ya bwana harusi.

"Huyu ni mume ya Mama Zawadi," akasema. "Nyumba yabo iko ya pili kisha ya Baba Riziki. Tumepita. Rudisha mbili."

Hamsini na moja. Karatasi ya kwanza, kadi ya kliniki. Ya pili, ripoti ya shule. Ya tatu ndiyo.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nikaituma WhatsApp kwa dada mwenye duka la photocopy karibu na chuo, maana Riziki alikuwa anatumia simu ya huyo dada. Akajibu kwa Kichewa, "Zikomo, yafika," yaani asante, imefika.

Tukakaa. Tukaitazama simu ya Baba Riziki.

Saa tisa kasoro tano simu ikaita. Baba Riziki aliongea Kirundi, sikushika yote, ila nilimwona akitafuta pa kukaa na kukaa chini kabisa, sakafuni, anacheka huku anafuta macho. Wamempokea.

Mimi nikatoka nje kidogo. Sisemi nilikwenda kufanya nini.

Jumamosi nzima Mama Chantal na mimi tulirudisha watu nyumbani kwao, mmoja mmoja, kwa hesabu ile ile. Tulipokwama tulitoka na laptop, tukabisha hodi, tukauliza: hizi karatasi ni zenu?

Nilichojifunza, wakuu. Kabla ya kugusa desktop ya mtu, piga screenshot. Toa tiki kwenye Auto arrange icons. Zipo programu ndogo za bure zinazohifadhi mahali pa kila icon na kuzirudisha, weka moja, maana hata ukichomeka projekta kioo kikibadilika ukubwa zinahama zenyewe. Na folder zenyewe weka copy kwenye flash. Zaidi ya yote, muulize mwenyewe. Niliyoiona mimi kuwa fujo, mwenzangu alikuwa anaishi humo.

Tulipomaliza, nikataka kufunga mashine. Mama Chantal akanizuia mkono. Akafanya right click, New, Folder. Akaivuta mpaka kwenye kiboksi kinachotazamana na kwa Baba Riziki, akaiacha pale.

"Na we, makaratasi yako iko wapi?"

Yalikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro. Fundi mzima wa kompyuta, sina copy hata moja. Nikaenda kuyachukua.

Karibuni mtoe maoni, na mnaotaka kunisema msijizuie. Anayenitafuta, mimi ni New folder (87).