Uzito wa Boti Isiyochorwa

Karakana ya boti iliyoniajiri Mwanza ilikuwa imetoka mikononi mwa serikali mwaka uliotangulia. Mmiliki mpya, mfanyabiashara, alipata kazi ya kuunda boti ya doria ya askari wa ziwani, akataka kuagiza injini nje kabla hatujachora hata ubavu mmoja. Huwezi kuchagua injini bila kujua uzito wa chombo. Uzito huo nikaambiwa niukadirie mimi, niliyetoka chuoni juzi tu.

Nilikuwa na urefu, upana na kina, basi. Unachukua boti ya zamani ambayo uzito wa chuma chake unajulikana, unaupandisha kwa kadiri boti mpya inavyoizidi ukubwa. Lakini kila nilipopata jibu niliona maji yakipanda sitahani na askari wakizama kwa sababu yangu. Nikaongeza kidogo kwenye mabamba ya chini. Nikaongeza kwenye mbavu, kwenye kuchomelea, hata kwenye rangi.

Mhandisi mkuu, mzee wa Musoma, alisoma hesabu akaguna.

"Kijana, hii ni boti au ghala la pamba?"

"Mzee, naogopa isije ikazidi uzito."

"Si umeizidisha mwenyewe! Hii itataka injini kubwa, injini kubwa inataka mafuta mengi, na mafuta nayo ni mzigo. Futa vyote ulivyoficha humu. Hofu yako iweke mstari mmoja mwishoni, uwe akiba ya uzito, niione."

"Asilimia kumi na tano, mzee."

"Kumi."

"Kumi na mbili?"

"Kumi! Hapa si sokoni."

Injini ikaagizwa kwa hesabu hiyo. Miezi yote ya ujenzi nilizunguka nyuma ya wachomeleaji, nikiogopa kila kipande walichokiongeza.

Siku ya kuishusha boti majini tulijaza mafuta, tukaweka mifuko ya mchanga badala ya watu. Boti ikateleza, ikayumba, ikatulia. Maji yalikomea kwenye mstari mweupe tuliouchora ubavuni kuwa mwisho wa kuzama kwake.

"Umeona? Haijazama!" mzee akacheka, na watu wakapiga makofi.

Mimi niliona kwamba ile akiba ya asilimia kumi imeliwa yote.

Mkuu wa askari akapanda, akazunguka sitaha, akatuita kwa furaha. "Wahandisi! Tangi la pili la mafuta tutalifunga wapi?"

Mzee akaacha kucheka, akanitazama.

"Haliwezekani, afande," nikasema.

"Nani amesema?"

"Mimi, afande."

Akaanza kushuka ngazi, akija niliposimama.