Uvimbe Ulionikalia Ulimini

Ulianza kama punje ya mahindi pembeni mwa ulimi wangu. Haukuuma, kwa hivyo niliufanya mali ya darasa: natoa ulimi, wasichana wanapiga mayowe, mwalimu ananitoa nje. Ulipofika ukubwa wa haragwe na kuanza kunivurugia "r", niliacha kuuonyesha. Mimi shuleni kazi yangu ni mdomo. Tena jirani mmoja alishasema "kansa" pale kwenye kituo cha kununulia majani chai, na kufikia jioni kijiji kilikuwa kimeshanizika.

Kogo, nyanya yangu, akanipeleka hospitali Litein. Kabla tutoke alinimiminia kikombe kizima cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu. "Huwezi kwenda kwa daktari na tumbo tupu." Sasa, kibuyu cha mursik husuguliwa makaa ndani, na cha Kogo huwa na makaa mengi kuliko jiko.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, amehamishwa juzi tu kutoka Pwani. Nikatoa ulimi. Akasogeza taa. Akamwita mwenzake.

"Ulimi umekuwa mweusi hivi tangu lini?"

Nilianza kutubu dhambi zote, hata za mwaka ujao.

"Pangusa, daktari!" Kogo akasema. "Ni makaa ya kibuyu changu."

Daktari akapangusa; shashi ikatoka nyeusi, ulimi ukabaki mwekundu. Wote wakacheka isipokuwa mimi.

Haragwe lakini halikupangusika. Daktari alisema anadhani ni uvimbe wa nadra, unaoota kwenye ngozi ya mshipa wa fahamu, na kwa kawaida si kansa. Ila lazima utolewe na upimwe maabara ndiyo tujue. Akanidunga ganzi, akakata, akashona. Nikarudi shule na ulimi kama soksi iliyolowa.

"Leo redio imezimwa," mwenzangu wa deski akatangaza. "Maombi yetu yamejibiwa!"

Nilitaka kumjibu. Niliweza kutema mate tu.

Tuliporudi kwa majibu, daktari alitabasamu kabla ya kuketi. "Si kansa. Na umetoka wote."

Kogo alifunga macho, akashukuru Mungu kwa Kipsigis, polepole.

"Na 'r' yangu?" nikauliza.

"Fanya mazoezi. Itarudi."

Njia nzima, katikati ya mashamba ya chai, nikawa nasema jina la kaunti yetu: Kelicho, Kelicho, Kelicho. Karibu na lango letu ikatoka: Kericho! Nikairudia mpaka ng'ombe wakageuka.

Kogo akashika kiuno. "Kumbe wangekata kidogo zaidi."