Uwanja Uliopungua Yadi Ishirini

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Jua bado limejificha nyuma ya mlima Menengai, na umande umelowesha majani yote ya uwanja wa shule hii iliyomo ndani ya shamba la makonge karibu na Rongai. Vijana kumi na mmoja wanauzunguka miguu mitupu, bila kusemezana, unasikia pumzi tu. Katikati amesimama mtu mfupi mwenye koti la mvua lililopasuka kwapani. Filimbi iko mdomoni, saa ameivua mkononi na kuishika kiganjani kama mtu aliyeshika kifaranga.

Vijana wanapita mbele yake mara ya pili. Anasoma saa, anaandika katika daftari, hasemi kitu. Wanafunzi wanasema zamani angekuwa amewapigia kelele mpaka kuku wa kambi ya vibarua wakakurupuka.

Huyu ndiye Mwalimu Naftaly Nyongesa, umri miaka thelathini na minne, mwalimu wa darasa la nane na mkufunzi wa mbio. Digrii moja anayo tayari. Sasa anatafuta ya pili, ya elimu yenyewe, katika chuo kimoja huko Marekani. Mwezi Aprili mwaka huu wa 1958 chuo hicho kilimkubali, kikaisifu sana insha aliyoipeleka. Mwezi Julai yeye mwenyewe akaketi akakiandikia kwamba insha ile ilikuwa na uongo ndani yake. Tangu hapo anangoja kujua kama bado ana nafasi.

“Uongo nisioujua,” anasema. “Lakini uongo ni uongo, hata ukiwa umevaa tai.”

Mwandishi huyu alipofunga safari kutoka Nakuru kuja kumwona, alitarajia kumkuta mtu aliyenyong'onyea. Wapi! Alimkuta akila mahindi ya kuchoma na kumcheka mbwa wake.

Nyongesa ni mtoto wa reli. Baba yake alitoka Kimilili kuja Nakuru kutia makaa katika garimoshi, na kijana akakulia katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja watu saba. Akasoma, akafika Makerere, akarudi na diploma mwaka 1949. Wengine wangetosheka. Yeye akaanza kusomea digrii ya London kwa posta, miaka sita mizima, huku akifundisha darasa la wanafunzi hamsini na wawili wenye madawati kumi na tisa.

Somo lililomtoa jasho ni Kilatini. Alianguka mara mbili. Sasa hebu fikiri, msomaji: kati ya makonge na vumbi la Rongai, Kilatini angekizungumza na nani? Mkewe, Mama Truphosa, ndiye aliyekuwa akimshikia kitabu na kufuata maneno kwa kidole. Hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Alichojua ni kwamba baba watoto akisema herufi isiyokuwapo, lazima aambiwe arudie.

“Alikuwa mkali kuliko watahini wa London,” Mwalimu anasema, na mama anajibu kutoka jikoni kwamba watahini wa London hawakulazimika kulala naye nyumba moja.

Kwa nini basi digrii nyingine? Mwalimu anasema diploma ilimpa cheti na digrii ikampa historia na Kilatini, lakini hakuna iliyomfundisha jinsi mtoto anavyojifunza. Alifundisha kwa kuwaiga waliomfundisha. Walimchapa, naye akachapa. Walimwita mjinga mbele ya wenzake, naye akawaita wengine. Mambo mengine yalifaulu, mengine hayakufaulu, na hakujua sababu ya hili wala lile.

Ila mbio, hizo alidhani anazijua. Hapo ndipo hadithi ya kamba inapoanza.

Mwezi Machi mwaka jana alitaka kuchora uwanja wa kweli, mzunguko mmoja yadi mia nne na arobaini, kama viwanja vya mjini. Utepe wa kupimia ulikuwa mmoja tu, wa ofisi ya shamba, na karani hakuuruhusu uvuke baraza. Mwalimu hakukata tamaa. Akaomba kamba mpya ya katani kiwandani, akaipima pale barazani kwa utepe, akaifunga fundo kwenye yadi ishirini na mbili. Mara ishirini za kamba ile, uwanja umetimia.

Lakini kamba mpya ya katani ina ukaidi. Inajikunja, hailali chini. Kila mtu katika shamba hili anajua dawa yake, nayo huitumia Mzee Wamalwa, fundi wa kamba, miaka yote: unailaza ndani ya pipa la maji usiku kucha, asubuhi imetulia. Mwalimu akafanya vivyo hivyo. Asubuhi akaitoa ikitiririka maji, imenyooka vizuri, akapima uwanja wake, akapigilia vigingi, akamwaga majivu. Kazi ilipokwisha kamba akampa mkewe aanikie nguo.

Kuanzia siku hiyo miujiza ikatokea. Vijana wote wakawa wepesi. Kipkemei, kijana wa miaka kumi na saba wa darasa la nane, alimaliza maili moja, yaani mizunguko minne, kwa dakika nne na sekunde thelathini na saba. Mwalimu alirudia kuitazama saa yake mara tatu. Akaamini ni mbinu zake mpya: kukimbia mlima wa Kampi ya Moto mara mbili kwa wiki, kupumzika Alhamisi, uji kabla ya mazoezi. Akaziandika mbinu hizo zote pamoja na muda wa kila kijana, kurasa ishirini na moja, akazituma Marekani. Ndiyo insha iliyompatia nafasi.

Mwezi Juni mwaka huu wakaenda kwenye michezo ya shule za mkoa, mjini Nakuru. Kipkemei akawa wa nne. Dakika nne na sekunde arobaini na sita.

Mwalimu anapofika hapa anaacha kula. Anasema alimfuata kijana hadi nyuma ya jukwaa, akamwambia mbele ya wenzake na mbele ya mama yake aliyekuja kwa miguu na lori kumtazama, kwamba ni mvivu, kwamba ameogopa kelele za mji, kwamba ameiaibisha shule. Sekunde tisa zimekwenda wapi? Juma lililofuata kijana hakuonekana shuleni. Alikuwa amechukua panga na kwenda kukata makonge na vibarua.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi moja ya mvua, Mama Truphosa alikuwa akianua nguo huku akilalamika. Nguzo ya kamba ilikuwa imeinama tena. Akasema kamba hii ya baba watoto ina vituko: jua likiwaka inalegea mpaka mashuka yanaburura chini, mvua ikinyesha inakaza mpaka inang'oa nguzo.

Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari. Akauliza, “Umesema ikilowa inakaza?”

“Kila mwanamke anajua hilo, baba watoto.”

Mwalimu akaacha madaftari, akatoka nje. Aliifungua kamba ile, akaikausha jikoni, akaenda nayo barazani kwa karani. Kavu, yadi ishirini na mbili. Akailaza majini, akaipima tena. Yadi ishirini na moja. Kila urefu wa kamba uliiba yadi moja, na kila mzunguko wa uwanja ulipungua yadi ishirini. Maili yake ilipungua yadi themanini.

Hapo tu tungeweza kucheka na kwenda zetu. Lakini Mwalimu ni mtu wa hesabu. Akakaa akapiga hesabu ya ule muda wa ajabu wa Kipkemei: kama uwanja ungekuwa kamili, zile dakika nne na sekunde thelathini na saba zingekuwa dakika nne na sekunde hamsini. Na kule Nakuru kijana alikimbia dakika nne na sekunde arobaini na sita.

“Alikuwa hajawahi kukimbia hivyo maishani mwake,” Mwalimu anasema taratibu. “Siku aliyofanya vizuri kuliko zote, ndiyo siku niliyomwita mvivu mbele ya mama yake.”

Jumatatu, baada ya sala ya asubuhi, alisimama mbele ya shule nzima akaeleza alivyokosea na kuomba radhi. Mwalimu kuwaomba radhi watoto! Wazee wawili wa kamati walinuna, wakasema amewavua nguo walimu wote. Mama Truphosa ndiye aliyemtetea, akawaambia mficha uchi hazai.

Kisha akatembea maili nne hadi kwa Mama Cheptanui, mama wa kijana, akibeba kamba ile na ndoo. Akailowesha mbele yao, wakaona wenyewe ikijikaza. Mama Cheptanui hakumkaripia. Alimwambia neno moja tu, ambalo Mwalimu analirudia kama alivyolisikia: “Mwalimu, huyu hajalia tangu atahiriwe. Siku ile alilia njia nzima mpaka Rongai.”

Kijana alikuwa ameketi mlangoni akinoa panga, hakuinua macho. Mwalimu akarudi bila kujua amesamehewa au la. Ijumaa ya juma lililofuata, saa kumi na mbili kasorobo, Kipkemei alikuwa uwanjani akinyoosha miguu na wenzake. Uwanja sasa umepimwa upya kwa utepe wenyewe. Karani alipopata habari alilegeza msimamo, akaja nao mwenyewe, akiushika kana kwamba utamtoroka.

Ilibaki Marekani. Rafiki zake walimshauri anyamaze. Nani huko angejua? Nafasi ilikuwa yake, aende, asome, arudi. Anakiri kwamba aliwaza hivyo usiku mbili. Lakini angewezaje kwenda kusomea ualimu kwa karatasi inayosema amewafanya watoto wawe wepesi, wakati aliwafupishia njia tu? Akaandika barua kurasa tatu, akaipeleka posta mwenyewe ili asibadili nia njiani.

Jibu lilikuja Jumatano, siku ya pili ya ziara yetu, katika mfuko unaoletwa na lori la shamba. Bahasha ndefu, stempu ya ndege. Mwalimu aliitazama, akaiweka chini ya sanduku la chaki, akaendelea kufundisha desimali kwa dakika arobaini. Mwandishi huyu nusura amnyang'anye.

Kengele ilipolia alikwenda kando ya tangi la maji, akaifungua kwa kisu cha mfukoni. Alisoma ukurasa wa kwanza midomo ikicheza. Akasoma wa pili. Kisha akaikunja, akatazama mbali kwenye mistari ya makonge, akatoa pumzi ndefu, akatukabidhi barua tuisome.

Profesa mmoja mama ndiye aliyeandika. Insha ya kwanza haiwezi kuhesabiwa tena, na nafasi ya Septemba amepewa mtu mwingine. Lakini chuo kitamwekea nafasi ya mwezi Januari ikiwa ataleta insha mpya kabla ya Oktoba kwisha. Aandike alivyogundua kosa na alichofanya baada ya kuligundua. Profesa aliuliza jambo moja mwishoni: je, yule kijana ameridhia kuandikwa?

“Unaona?” Mwalimu alisema. “Hilo mimi nisingelifikiria. Ndiyo maana nataka kwenda.”

Mama Truphosa alipopewa habari alifuta mikono kwa kanga, akaketi. Alisema kosa moja haliachi mke, lakini miaka miwili Marekani itabidi aipime vizuri, na si kwa kamba. Wakacheka wote wawili, kisha mama akaomba Mungu ampeleke salama na kumrudisha. Watoto na yeye watahamia Nakuru kwa mama mkwe, kule landhi. Mwalimu akirudi anataka kufungua mahali pa kuwafundisha walimu wa shule za mashambani, wale wasio na utepe wala vitabu, wapate mtu wa kumuuliza wanapokwama. Anasema hata darasa moja lenye bati litatosha kuanzia.

Alasiri hiyo, baada ya mazoezi, alimwita Kipkemei pembeni. Hakumwita kwa filimbi. Alimweleza habari za profesa na insha, akamwambia yuko huru kukataa, na akikataa atatafuta kitu kingine cha kuandika.

Kijana alijikwangua matope kwenye visigino. Akauliza kama huko Marekani wataisoma watu wengi. Mwalimu akasema huenda wachache, huenda wengi, hajui.

“Andika, mwalimu,” Kipkemei alisema. “Andika na jina la mama, kwa sababu alikuwapo, alisikia. Na muda wangu uandike vizuri. Dakika nne na sekunde arobaini na sita.”

Mwalimu Nyongesa alitoa kalamu mfukoni, akaandika palepale amesimama, akampa kijana daftari ahakikishe.