Mkono Gani Utamnywesha Mzee Semutobo?

Jua ndiyo kwanza linachomoza upande wa ziwa, na Mama Adolphine amekwisha kupaka mikono yake siagi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko. Si urembo. Ni kazi.

Anainama juu ya kitanda kilicho karibu na dirisha. Mkono mmoja anaupitisha chini ya bega la Mzee Semutobo, mwingine chini ya nyonga inayomtesa, kisha anamgeuza taratibu, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku aliyelala.

"Polepole, muzee. Inauma hapa?"

Mzee anamtazama, anatabasamu bila jino hata moja. "Bihogo," anasema. "Bihogo wangu, leo umekula majani ya wapi?"

"Ya Baraka, muzee. Kunywa maziwa."

Bihogo alikuwa ng'ombe. Alikufa zamani huko Minembwe, lakini katika kichwa cha mzee bado anashuka mlimani kila asubuhi, na kila asubuhi anashuka akiwa amevaa kitambaa cha Mama Adolphine.

Hii ni nyumba ya wazee ya misioni, pembeni mwa mji wa Baraka. Mama Adolphine ni msaidizi wa wauguzi hapa: anaosha, anageuza, analisha, anafumba macho ya waliokwenda. Mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya gunia la mihogo. Amri ya serikali ya kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya asili imefika hapa pia. Wazee waliisikia, wakaisahau kabla ya chakula cha jioni, na wanaendelea kumwita Adolphine.

Mmoja wao hugombana na ukuta kutwa, na walio karibu wanaapa kwamba mara nyingine ukuta umeomba msamaha. Bibi mwingine hujitupa chini ya kitanda kila lori linapopita, tangu vita vya mwaka wa sitini na nne. Mama Adolphine hambembelezi atoke. Naye anaingia chini ya kitanda, wanakaa wote wawili mpaka lori limefika mbali.

Lakini aliyemshinda mwanzoni ni Semutobo. Wanawe walimteremsha kutoka Minembwe kwa machela, mguu umeharibika na akili inakuja na kuondoka. Kila alipoletewa maziwa aligeukia ukuta. Maziwa ndiyo yanayobeba dawa yake ya maumivu, iliyosagwa. Bila maziwa, alilia usiku kucha. Kilio chake, wanasema majirani, kilivuka ziwa, na watu wa Kigoma wakauliza nani amefiwa.

"Nilijinusa mikono," anasimulia Mama Adolphine. "Ndakala, ile samaki ndogo ya hapa! Mi mutoto wa ziwa, natoa matumbo ya samaki kila siku. Batu ya mulima habapendi samaki karibu na maziwa, hata harufu yake. Nikaacha samaki. Nikapaka siagi."

Mzee akanywa. Siku hiyohiyo akamwita Bihogo.

Aliyekasirika kwanza ni mumewe, Isidore, mvuvi. "Mi navua usiku muzima, bibi yangu hagusi samaki!" analalamika, huku akishona wavu uani. "Sababu? Muzee moja mwenye ng'ombe. Batu banacheka. Hata mutumbwi yangu inacheka."

"Una wivu na muzee wa kitandani?" mkewe anamuuliza.

"Sina wivu na muzee. Nina wivu na ile ng'ombe."

Kisha akaja mwenye wivu wa kweli. Mukashema, mke wa Semutobo, alikuwa amebaki juu kutunza mifugo. Aliposikia hali imekuwa mbaya alishuka kwa miguu, mgongoni amefunga chombo cha maziwa cha mti. Alifika usiku, akalala kwa mwenyeji, na asubuhi akapiga magoti, akampa mumewe maziwa. Mumewe akageukia ukuta. Kesho yake vilevile. Na kila mara, Mama Adolphine alipokaribia, ilisikika: "Bihogo wangu, mzuri wa mapembe!"

"Miaka yote ya ndoa hakunisifia hata kisigino," anasema Mukashema. "Ng'ombe ndiyo alisifia. Sasa ng'ombe imekufa, nasema nimepumua, nakuta imefufuka inavaa kitenge!"

Siku ya nne alilipuka. "Umemupa nini bwana yangu?"

"Nimemupa maziwa, mama."

"Na mi nimemupa nini, mavi? Kwetu mume akikataa maziwa ya mukono yako, amekufukuza. Unasikia? Amenifukuza mbele yako!"

Mama Adolphine alikuwa anajua sababu. Alikuwa ameinusa tangu siku ya kwanza. Mukashema alipata pa kulala kwa mjane mmoja wa ufukoni, na kwa kumshukuru mwenyeji alikuwa akimsaidia kutandaza ndakala juani kila asubuhi kabla ya kuja wodini. Yeye mwenyewe hali samaki, wala hakusikia tena harufu yake. Mikono yake ilikuwa soko zima.

"Nilinyamaza," anasema Mama Adolphine, na sauti inashuka. "Miezi nimemugeuza, nimemuosha, nimelala karibu yake akilia. Huyu anatoka mulima leo, anataka kunipokonya? Nilisema moyoni: akae na ndakala yake."

Mukashema akafunga mzigo. Kama amefukuzwa, alisema, basi atarudi kwa ng'ombe walio hai. Akaondoka bila kuaga. Muuguzi mkuu alikuwa ameshasema kwamba mzee hamalizi mwezi.

Asubuhi ileile, Mama Adolphine alikuwa anamwosha mzee mgongo. Ghafla mzee akafungua macho, yakiwa meupe na safi kama ya mtu aliyerudi safarini. Akauliza kwa lugha yao ya mlimani, ambayo Mama Adolphine ameokotaokota humo wodini: Mukashema bado hajarudi kutoka mtoni?

"Iliniuma kama mwiba," anasema. "Mi ni ng'ombe. Anayengojewa ni mwingine."

Aliacha kitambaa cha kuogeshea juu ya kitanda, akakimbia. Walioona wanasema hata pikipiki ya padri aliipita. Alimkuta Mukashema pale njia inapoanza kupanda.

"Rudi. Ni mikono."

"Mikono gani?"

"Inanuka ndakala, mama. Nilijua. Sikukuambia."

Mukashema aliinua mkono mpaka puani. Akajinusa kiganja. Akampiga kofi moja la bega, lile la dada kwa dada, lakini si jepesi. Kisha wakarudi pamoja. Walisugua mikono ile kwa majivu na ndimu, wakaipaka siagi, na Mukashema akapiga magoti tena kitandani.

Mzee alinusa. Akanywa, na dawa yake ndani, mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo, akasema: "Bihogo."

"Sawa," akajibu Mukashema, machozi yakimtiririka. "Hata ng'ombe, nakubali."

Sasa wanawake hao wawili wanagawana kazi ya kitanda kimoja. Mmoja ananywesha, mwingine anageuza. Hawapendani sana. Mama Adolphine amekwisha kuomba misioni iruhusu mkeka wa mke chini ya kila kitanda cha mtu anayekufa, na kwa Semutobo mkeka umetandikwa tayari.

"Nataka aende katika mikono ya bibi yake," anasema, akimtazama Mukashema anayesinzia. "Ni haki yake. Lakini nitasimama pale kwa mulango. Siku ile akiita Bihogo, tutaona nani ataitika kwanza."