Nilivyomruka Dada kwa Sheria ya Wafalme

Juzi nilikuwa Kilole kwa binti yangu, nakunywa chai, televisheni inaonyesha harusi ya kifalme huko Ulaya. Mjukuu wangu akanionyesha msichana mmoja aliyesimama na wadogo zake. "Babu, huyu ndiye atakayekuja kuwa malkia." Nikabisha: mbona ana mdogo wake wa kiume? Akacheka. "Babu, umepitwa! Walishabadilisha sheria. Mkubwa ni mkubwa." Chai ikanishinda.

Ngoja nikueleze kwa nini, ndugu yangu.

Nilikulia Handeni kwa bibi mzaa mama, baada ya mama yetu kufariki. Jirani yetu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge kule Mazinde, na kila aliporudi likizo alimletea bibi magazeti makuukuu ya Kizungu. Bibi aliyabandika ukutani kwa uji wa muhogo, udongo usidondokee chakula. Basi tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda huku tukitazamwa na malkia wa nchi tusizojua ziko wapi. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alijifunza habari zao zote kwa yule mpishi. Tukiwa tunapukuchua mahindi, vidole vinawaka moto, yeye anasimulia: huyu kaolewa na binamu yake, yule kapelekwa kwa maadui ili vita viishe, huyu karithi kiti cha baba yake.

"Na mumewe ndiye mfalme?" bibi aliuliza.

"Hapana, Bibi. Ni mume tu."

"Kama babu yenu!" Bibi alicheka hadi kanga ikamdondoka kichwani. Babu, aliyekuja kuoa akabaki kwenye ardhi ya mkewe, alijifanya hasikii.

Ardhi ile bibi aliipata kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi ya Wazigua wa kwetu, na alishasema itakwenda kwa dada. "Shamba humjua anayeliinamia," alizoea kusema. Dada ndiye aliyeliinamia. Mimi nilipelekwa sekondari Korogwe.

Huko, mwalimu wa historia alichora ubaoni watoto wa mfalme. Mshale ukatoka kwa baba, ukamruka binti mkubwa, ukatua kwa mdogo wake wa kiume. "Mwanamke hurithi wavulana wakikosekana," alisema. Mchoro ule niliunakili kwa makini kuliko kitu kingine chochote nilichofundishwa.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, na mjomba alipomtaja dada kuwa mrithi, nilisimama na daftari langu. Nikawaonyesha mshale. Nikasema hata Ulaya, kwa watu waliostaarabika, mwanamume humpita dada yake. Hakuna aliyenituma. Wazee wale ambao hawakupata kusoma walitazamana, kisha mjomba akasema, "Kama vitabu ndivyo vinavyosema, sisi ni nani?"

Dada aliniuliza swali moja tu. "Msomi, jembe la bibi unajua linawekwa wapi?"

Watu walicheka. Shamba nikapewa.

Sikulilima hata msimu mmoja. Nilipata kazi ya ukarani kwenye mkonge, nikalikodisha, halafu nikaliuza kipande kwa kipande kila nilipobanwa. Dada alihamia Segera, akawa anauza machungwa ya mashamba ya watu kandokando ya barabara, hadi leo.

Kutoka Kilole nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilimkuta amekaa nyuma ya beseni lake, miguu imevimba. Nikamwamkia, nikamweleza yote: kwamba wafalme wenyewe wameiacha sheria ile, kwamba nilikosea.

Alimaliza kumhudumia mteja kwanza.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote hii ulikuwa unasubiri Wazungu wabadilike ndipo uje?"

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa na mtu wa kumwangukia ila mimi. Kule Handeni, palipokuwa na nyumba ya bibi sasa pana uzio wa mtu nisiyemfahamu. Kinu, ghala la mahindi, kijia cha kwenda kisimani, vyote havipo, pamelimwa. Dada hakunifukuza. Alinisogezea kigoda, akaendelea kupanga machungwa, nami nikakaa pale mikono mitupu, mtu aliyekuja kuomba radhi kwa shamba ambalo hawezi tena kulirudisha.